Minara ya simu wakati wa vita: nani huifanya isizime?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Langoni, Lamu mjini. Stima zikipotea asubuhi, ikifika alasiri netiwaki nayo imekwenda, na wavuvi ndio kwanza wanarudi na samaki, hawana pa kutoa wala pa kuweka. Juzi mwanangu alinionyesha video ya Ukraine. Mji umepigwa makombora usiku kucha, asubuhi watu wako kwenye simu wanatafutana. Vipi kampuni yao ya simu inaweza vitani na sisi hatuwezi kwenye amani? Na pakitokea shida huku kwetu kama mwaka ule wa shambulio la Mpeketoni, mimi na wateja wangu tufanye nini? Ninunue Starlink, ile intaneti ya setilaiti?

JIBU: Marahaba, dada. Nitakujibu kwa kirefu, maana miaka yangu ya kazi nimeimalizia kwenye mitambo ya minara ya pwani hii, kuanzia Malindi kwenda juu, na swali lako ndilo ambalo mafundi hujiuliza kila siku.

Watu wengi wanadhani vitani mtandao hufa kwa sababu minara imelipuliwa. Minara hulipuliwa kweli. Lakini ukifuatilia yaliyoipata Ukraine tangu Urusi ilipoivamia nchi nzima tarehe 24 Februari 2022, utaona mtandao umezimwa zaidi na ukosefu wa umeme kuliko na bomu lililopiga mnara wenyewe. Na siku iliyokuwa mbaya kuliko zote kwa kampuni yao kubwa, Kyivstar, hakuna mnara hata mmoja ulioguswa. Nitaifikia.

Nianze na umeme, kwa sababu hapo ndipo shida yako na yao inapofanana. Chini ya kila mnara kuna kabati la chuma, na lile la Kyiv halina tofauti kubwa na la hapo Langoni. Mitambo haitumii umeme wa Kenya Power kama ulivyo. Kuna kifaa kinachoubadilisha kuwa wa volti 48, na sambamba na hicho zimefungwa betri. Stima zikipotea, betri hushika papo hapo, hata aliye kwenye simu hajui kitu. Betri za zamani, zile nzito za risasi na asidi, huvumilia saa chache, kwa kawaida mbili hadi nne zikiwa bado na afya. Zikianza kushuka, mtambo wenyewe huanza kujinyima: 4G huzimwa kwanza kwa kuwa inakula umeme mwingi, na 2G huachwa iwe ya mwisho ili watu wapate angalau sauti na ujumbe mfupi. Ndiyo maana wewe huona kwanza WhatsApp imegoma, halafu baada ya muda hata kupiga haiwezekani. WhatsApp ikigoma stima zikiwa zimekatika, ujue betri ya mnara iko ukingoni, na shughuli zako muhimu zifanye wakati huo huo.

Ukraine walikuwa na betri kama hizo hizo. Kuanzia Oktoba 2022 Urusi ilielekeza makombora kwenye vituo vya umeme, na tarehe 23 Novemba mwaka huo sehemu kubwa ya nchi ilikuwa gizani kwa wakati mmoja. Miezi hiyo umeme ukawa wa zamu: saa kadhaa upo, saa kadhaa haupo. Zamu hiyo iliwaumiza mafundi kuliko giza moja refu. Betri ya risasi huhitaji saa nyingi ili ijae tena. Ukiipa saa mbili kisha ukainyonya hadi chini, na kesho hivyo hivyo, baada ya muda mfupi imekufa kabisa na huna la kufanya ila kuibadilisha. Kwa hiyo kampuni zao tatu kubwa, Kyivstar, Vodafone Ukraine na lifecell, zililazimika kuingia gharama ya betri za lithiamu, ambazo hujaa haraka na hazichoki upesi kwa kunyonywa, pamoja na kutafuta jenereta kwa wingi.

Na jenereta inataka mtu. Inataka dizeli, oili, kichujio, na mtu wa kufika pale mnara ulipo usiku wa baridi ya chini ya sifuri, huku king'ora kikilia. Huko wamesaidiwa sana na wenyeji, watu wa vijijini na serikali za mitaa waliojitolea kujaza mafuta kwenye mnara wa jirani kwa sababu mafundi wasingeweza kuwa kila mahali. Sasa rudi kwetu. Dizeli ya Lamu inavuka maji kutoka Mokowe, inashushwa kwenye jeti, na kutoka hapo ni mkokoteni au punda. Ya visiwani Pate ni safari nyingine. Ya Kiwayu na Kiunga, kusi likivuma na bahari ikichafuka, kuna siku chombo hakiondoki kabisa. Mnara wa huku ukitegemea jenereta peke yake, unategemea pia bahari, nahodha na usalama wa njia. Jua tunalo mwaka mzima. Binafsi ningependa kila mnara wa Lamu uwe na paneli za sola na lithiamu, na jenereta ibaki kuwa akiba.

Basi jibu la swali lako la kwanza ni hilo. Wao wanaweza kwa sababu walilazimika kununua saa nyingi zaidi za kukaa bila stima, na mamlaka yao ya mawasiliano ikawasimamia. Sisi bado hatujawalazimisha kampuni zetu. Mnara wa Langoni unazimika alasiri kwa sababu mtu fulani ofisini alipiga hesabu akaona saa chache zinatosha. Hesabu hiyo inaweza kubadilishwa.

Juu ya njia ya mawasiliano sitakaa sana. Mnara wa mbali haufiki Nairobi moja kwa moja. Hurusha mawimbi kwa mnara wa pili, wa pili kwa wa tatu, mpaka yafike penye faiba, ule waya mkuu wa intaneti. Ukizimika mmoja wa katikati, wote walio nyuma yake hukatika hata kama wana umeme. Dawa yake ni kuipa kila sehemu njia mbili za kutokea. Huko Ukraine, faiba ikikatwa na kombora, mafundi wa kuiunga mara nyingi hungoja kwanza wategua mabomu wapite, ndipo nao waingie na fulana zao za kuzuia risasi. Mjini Kherson, uliokombolewa tarehe 11 Novemba 2022, watu walikuwa wamekaa na mtandao uliokatwa na kuelekezwa kwa nguvu upande wa Urusi. Walipokombolewa, moja ya mambo ya awali waliyoyataka ni kuwapigia simu jamaa zao, na walikusanyika uwanjani penye vifaa vya setilaiti ili tu waseme "tuko hai".

Linalonigusa zaidi katika habari yao ni walivyoshirikiana. Tarehe 7 Machi 2022, wiki mbili hazijatimia tangu vita vianze, kampuni hizo tatu zilifungua minara yao kwa wateja wa wenzao. Ikiwa mnara wa kampuni yako umekufa na wa mshindani uko hai, unaingia kwenye mipangilio ya simu, unachagua mtandao wa mwenzake kwa mkono, na unapiga. Intaneti ilikuwa ya polepole, lakini sauti na ujumbe vilipita, na hapakuwa na malipo ya ziada. Hawa ni watu waliokuwa wakigombea mteja mmoja mmoja wiki chache kabla. Wakakaa na mamlaka ya mawasiliano, wakaunganisha mitambo kwa siku chache kazi ambayo wakati wa amani ingekula miezi ya vikao na mawakili.

Hawakuishia hapo. Walioishiwa na salio na hawana pa kununua vocha, kampuni ziliwaacha waendelee kupiga. Kwenye mahandaki watu walimokimbilia mabomu wakafungiwa intaneti ya bure. Namba za Urusi na Belarus zikazuiwa kutumia mitandao ya Ukraine, jambo lililowasumbua askari wavamizi waliokuja na simu zao mfukoni. Na mamilioni ya watu walipokimbilia magharibi, kuelekea Lviv na mpakani, mafundi walilazimika kuongeza nguvu za mitambo huko haraka, maana mji uliojengewa minara ya watu laki kadhaa ulikuwa ghafla unahudumia umati mwingine juu yake.

Sasa ile siku mbaya. Asubuhi ya tarehe 12 Desemba 2023, wateja wa Kyivstar wapatao milioni 24 waliamka hawana mtandao. Minara ilikuwa imesimama na umeme upo. Wadukuzi walikuwa wameingia ndani ya mitambo mikuu ya kampuni, na baadaye mkuu wa usalama wa mtandao katika idara ya usalama ya Ukraine, Illia Vitiuk, alieleza kwamba walikuwemo humo tangu angalau Mei mwaka huo, wakijipanga. Walifuta maelfu ya seva. Ukraine imekinyooshea kidole kikundi kiitwacho Sandworm, chenye uhusiano na ujasusi wa jeshi la Urusi. Mkuu wa kampuni, Oleksandr Komarov, alisema mlango waliopitia ulikuwa akaunti ya mfanyakazi.

Elewa kilichotokea kiufundi, kwa sababu kinatuhusu sote. Kila kampuni ya simu ina daftari kuu la wateja: laini hii ni ya nani, inaruhusiwa nini, iko mnara gani sasa hivi. Simu yako ikiwashwa, mnara huuliza daftari kwanza. Daftari likifutwa, mnara haumjui mtu. Na ule mpango mzuri wa kutumia minara ya wenzao haukuwasaidia siku ile, kwa kuwa mnara wa mwenzako nao lazima uulize daftari la kampuni yako kabla ya kukupokea. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya washindani kununua laini nyingine, mpaka mitandao hiyo nayo ikaelemewa. Huko mkoa wa Sumy ving'ora vya hatari ya anga vilivyotegemea laini za kampuni hiyo havikufanya kazi kama kawaida. Mjini Lviv taa za barabarani zikalazimika kuzimwa kwa mkono. Mashine za malipo dukani zikagoma. Sauti ilianza kurudi siku iliyofuata, na huduma zote zikakamilika kufikia tarehe 20 Desemba. Wateja walipewa mwezi wa bure, lakini somo walilolibeba wengi ni kuwa na laini mbili za kampuni tofauti mfukoni. Lichukue na wewe.

Nakupa na mfano wa karibu zaidi, Sudan, kwa sababu huko utajiona wewe wakala. Vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, benki za Khartoum zilifungwa au kuporwa, na watu wakaishi kwa kutumiana pesa kwenye simu, hasa kwa programu ya Bankak ya Bank of Khartoum. Majiko ya kijamii yaliyolisha mitaa yalinunua unga kwa pesa za namna hiyo kutoka kwa ndugu walio nje. Mwanzoni mwa Februari 2024 mitandao ya kampuni tatu kubwa, Sudani (kampuni yenye jina hilo), MTN na Zain, ilizimika karibu nchi nzima, huku wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la nchi, wakilaumiwa kuvishika vituo vya data mjini Khartoum. Pesa zilikuwepo kwenye akaunti na hazikuweza kununua mkate. Majiko yakafunga. Mitambo mikuu ilikuwa imewekwa mji mmoja, na mji huo ukawa uwanja wa vita. Kampuni ya Sudani ilianza kurudi katikati ya mwezi huo kutokea Port Sudan, mashariki, mbali na mapigano. Darfur watu walibaki wakilipia muda kwenye vibanda vya Starlink.

Kwa hiyo kampuni ya simu inayojiandaa kwa shida inapaswa kuwa na nakala ya daftari lake mahali pengine kabisa, na nakala hiyo isiunganishwe na ile ya kwanza kiasi kwamba mwizi mmoja azifute zote mbili. Ukimpata mtu wa kampuni kwenye baraza la wananchi, muulize hilo. Muulize pia, kwa jina la mnara: "Huu wa hapa unakaa saa ngapi bila stima?" Atakuambia kampuni inawekeza. Mrudie swali: saa ngapi? Kenya tuna Mfuko wa Huduma kwa Wote chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, unaogharamia minara sehemu ambazo kampuni haziendi kwa hiari. Maoni ya wananchi yakitakiwa, semeni mnataka saa za betri na ruhusa ya laini ya kampuni yoyote kuingia mnara wowote ulio hai wakati wa dharura. Kwa Lamu, hilo lina thamani kuliko mnara mpya wa tatu kando ya miwili iliyopo.

Wewe umetaja Mpeketoni, na siwezi kulipita. Usiku ule wa Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na jirani yake kwa siku mbili. Tangu hapo, na tangu operesheni ya usalama ya Linda Boni, kwenye msitu wa Boni, ianze 2015, kaunti za Mandera, Wajir, Garissa na hata Lamu zimeshuhudia minara ikilipuliwa na Al-Shabaab mara kadhaa. Wanaifuata kwa makusudi, kwa sababu kijiji kisicho na simu hakiwezi kuita polisi wala kuonya kijiji cha pili. Fundi naye anasitasita kurudi bila ulinzi, na mnara unaweza kukaa muda mrefu umekufa. Sisi tulioifanya kazi hii tunajua uzito wa kupanda gari kwenda sehemu kama hizo. Wanaopanda wanastahili shukrani yenu.

Sasa yako wewe na wateja wako. Kuwa na laini mbili za kampuni mbili, zote zimesajiliwa kwa jina lako, na zote zina salio la kawaida, si bando pekee. Mtandao ukilemewa, tuma ujumbe mfupi. Ujumbe huhitaji nafasi ndogo sana na hungoja foleni wenyewe, wakati simu ya sauti hukataliwa ukapiga tena na tena na kuwabana wengine. Ukiona 4G imekwenda, iweke simu kwenye 2G, kwa sababu simu inayotafuta mtandao usiopo humaliza chaji haraka. Simu ikiandika kwamba ni za dharura tu, bado jaribu 112, maana simu za namna hiyo kwa kawaida hupokewa na mnara wowote ulio karibu hata kama si wa kampuni yako. Andika namba za jamaa kwenye karatasi. Kubalianeni nyumbani mkutane wapi msipopatana, na mchague ndugu mmoja aliye mbali, Mombasa au Malindi, ambaye kila mtu atamtumia ujumbe yeye. Na nahodha walio na redio ya VHF waizoee chaneli 16, ile ya dharura baharini, maana redio haihitaji mnara wala bando.

Dukani, weka pesa taslimu za kutosha pamoja na floti (salio lako la uwakala kwenye simu), hasa siku ambazo Kenya Power wametangaza kukata. Mtandao ukiwa umekwenda, usimpe mtu pesa wala bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu yake, hata awe jirani unayemjua. Saa ya mtandao kukatika na kurudi ndiyo saa ya matapeli kutumia ujumbe wa kughushi. Ngoja mpaka uone salio lako mwenyewe. Mvuvi unayemwamini mkopeshe kwa daftari la kalamu, mwandike na atie sahihi, mtamalizana mtandao ukirudi. Na uwaambie vijana wanaokaa barazani kwako: msafara wa askari ukipita kuelekea Hindi au Kiunga, wasiupige picha na kurusha. Ukraine ilifanya hilo kuwa kosa la jinai Machi 2022, kwa sababu picha iliyorushwa huweza kumwonyesha adui pa kupiga.

Starlink? Imeingia Kenya Julai 2023, na inafanya kazi Lamu vizuri kwa kuwa haipiti kwenye minara yetu. Lakini jihadhari na mambo mawili kabla hujatoa pesa. Kwanza, nayo inataka umeme, wati hamsini hadi mia moja hivi kwa kifaa cha kawaida, saa zote ikiwa wazi. Bila sola na betri yako mwenyewe itazimika stima zikipotea, kabla hata ya mnara. Pili, inakupa intaneti tu. Menyu ya M-Pesa ya *334# na ile ya kwenye laini hupita kwenye mnara, kwa hiyo hazitafunguka. Utakachoweza ni programu ya kwenye simu, na mteja naye awe na programu hiyo na aingie kwenye Wi-Fi yako. Wavuvi wako wangapi wana simu za namna hiyo? Kuna njia nyingine inayokuja ambapo setilaiti inazungumza na simu ya kawaida bila sahani. Kyivstar ilitia saini na Starlink mwishoni mwa 2024, na Novemba 2025 ikaanza na ujumbe mfupi. Duka moja peke yake sioni litarudisha gharama. Mkiungana mawakala watatu au wanne wa Langoni, mkaweka paneli, betri ya lithiamu na sahani moja juu ya paa lililo wazi pande zote, hapo mnaweza kuanza kupiga hesabu. Nitumie orodha ya vifaa mnavyotaka viwake kwa pamoja na saa mnazotaka vikae, nikupigie hesabu ya ukubwa wa betri.